Kusaka retrovirusi ndani ya chupa za seli: mwongozo kuanzia historia ya laini hadi ripoti

Mwongozo huu ni wa mafundi na wanafunzi wanaokuza seli hapa Nairobi, iwe ni Chiromo, Kabete, barabara ya Mbagathi au kwenye maabara ndogo yenye inkubeta moja na mashine moja ya PCR (ya kuzidisha vipande vya DNA) inayogombaniwa. Unaeleza jinsi ya kujua kama seli zako zimebeba retrovirusi, na jinsi ya kutodanganyika unapovitafuta. Ishara chanya haina uhaba. Endesha PCR ya mizunguko 45 kwa vianzishi (vipande vifupi vya DNA vinavyoelekeza pa kuanzia kuzidisha) vya retrovirusi, na kuna siku hata kisima (kitundu cha sahani ya PCR) cha maji matupu kitawaka. Ugumu uko kwenye kujua ishara hiyo imetoka wapi.

Retrovirusi hubeba jeni zake katika RNA. Vikiingia ndani ya seli huzinakili kuwa DNA, kisha huipachika DNA hiyo kwenye DNA ya mwenyeji. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo ya kunakili kinyume kilitangazwa mwaka 1970 na makundi mawili yaliyofanya kazi kila moja kivyake: Howard Temin na Satoshi Mizutani upande mmoja, David Baltimore upande wa pili. Maabarani tunakiita RT tu, na ndivyo nitakavyokiita hapa.

Kule kupachikwa ndiko kunakoleta taabu. Kirusi kilichowahi kujipachika kwenye yai au mbegu ya kiume hurithiwa na vizazi vyote vinavyofuata. Karibu asilimia 8 ya jenomu ya binadamu ni mabaki ya retrovirusi vya kale, na panya wa maabara ana mabaki mengi vilevile, mengine yakiwa bado yanaweza kuamka na kutoa chembe. Kwa hiyo unapochunguza seli una maswali matatu yanayotofautiana. Mfuatano wa kirusi upo? Chembe za kirusi zinatoka nje ya seli? Chembe hizo zinaambukiza? PCR hujibu la kwanza. Kipimo cha RT na hadubini ya elektroni hujibu la pili. La tatu hujibiwa kwa kupeleka chembe kwenye seli nyingine na kusubiri. Mtu akijibu swali la tatu kwa kipimo cha swali la kwanza, usikubali ripoti yake.

Dunia ililipia somo hili. Mwaka 2006 watafiti Marekani waliripoti kirusi kipya, XMRV, katika sampuli za saratani ya tezi dume. Mwaka 2009 kundi jingine likachapisha katika jarida la Science kwamba kirusi hicho kinapatikana kwenye damu ya wagonjwa wa uchovu sugu. Wagonjwa wakaanza kuomba dawa za kufubaza virusi, na nchi kadhaa zikawazuia wasitoe damu. Halafu mwaka 2011 ikaonekana chanzo ni nini: saratani ya tezi dume ya mgonjwa mmoja ilikuwa imekuzwa ndani ya panya wasio na kinga, kizazi baada ya kizazi, na humo vipande viwili vya retrovirusi vya panya vikaungana vikawa kirusi kimoja kizima. Laini ya seli (ukoo wa seli unaoendelea kugawanyika chupani) iliyotokana na uvimbe huo, 22Rv1, ilikuwa inamwaga kirusi hicho kwenye maabara nyingi bila wenyewe kujua. Kabla mwaka huo haujaisha, makala ya Science ikaondolewa. Watu wale walikuwa wataalamu, na PCR zao zilifanya kazi. Walichokosa ni kuuliza panya yuko wapi.

Hatua ya kwanza: soma historia ya seli kabla ya kugusa pipeti

Hatua hii haina gharama na ndiyo inayorukwa zaidi. Chukua daftari uandike: seli zimetoka kwa mnyama gani, kwenye tishu gani, nani alikupa, zimepandwa upya mara ngapi (kila mara ni pasaji moja), na kama ziliwahi kupitia ndani ya mnyama mwingine. Swali la mwisho lina uzito wa pekee. Katika uchunguzi uliochapishwa na Wajerumani mwaka 2015, laini 19 kati ya 577 za binadamu zilikuwa na kirusi cha lukemia ya panya. Saratani ya binadamu iliyopandikizwa kwa panya hurudi chupani ikiwa imebeba zawadi ambayo hukuiomba, kisha kirusi huhamia kwenye chupa za jirani kwa pipeti zilezile na kimiminika kilekile cha kukuzia.

Kila aina ya seli ina mashaka yake.

Seli za panya na za hamsta zina chembe zake zenyewe. Seli za CHO, zinazotumika duniani kote kutengeneza dawa za protini, hutoa chembe zinazofanana na retrovirusi ambazo haziambukizi. BHK-21, seli za figo ya mtoto wa hamsta zinazokuziwa kirusi cha ugonjwa wa miguu na midomo kwa ajili ya chanjo ya ng'ombe, nazo zina chembe zinazojulikana tangu zamani kwa hadubini ya elektroni. Ukifanya kazi na seli hizi, matokeo chanya ya RT hayakushangazi. Kinachotafutwa ni kama kuna kitu cha ziada.

Seli za kuku zina virusi vya lukosisi ya ndege na mabaki yake. Katikati ya miaka ya 1990 vipimo vipya vilipokuwa vikali zaidi, RT ilionekana kwenye chanjo za surua na matubwitubwi zilizotengenezwa kwa seli za kuku. Ikafuatiliwa, ikaonekana ni chembe za kurithi za kuku zisizoambukiza binadamu, na chanjo zikaendelea kutolewa. Jambo hilo lilishughulikiwa inavyotakiwa: swali la pili lilijibiwa, kisha la tatu, na ndipo uamuzi ukatolewa.

Seli za ng'ombe zinatuhusu sana hapa kwetu. Tangu maabara ya ILRAD ya utafiti wa magonjwa ya wanyama, iliyozaliwa mwaka 1973 na baadaye ikawa sehemu ya taasisi ya utafiti wa mifugo ILRI, limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) za ng'ombe zenye vimelea vya Theileria parva zimekuzwa Kabete kwa miongo mingi, kwa kuwa kimelea hicho hulifanya limfosaiti ligawanyike bila kukoma. Ng'ombe aliyetoa damu anaweza kuwa na kirusi cha lukemia ya ng'ombe au kirusi cha povu (retrovirusi kinachojaza seli mapovu), na damu yake ikaja navyo. Mpime ng'ombe kwanza. Hiyo ni rahisi kuliko kupima chupa arobaini baadaye.

Seli za tumbili zilizotolewa moja kwa moja kwenye figo zina mashaka zaidi, maana tumbili wengi wazima hubeba kirusi cha povu maisha yao yote bila kuugua. Vero, laini iliyoanzishwa Japani mwaka 1962 kutoka figo ya tumbili wa Afrika, ni salama zaidi kwa sababu imepimwa na wengi, ingawa jenomu yake ina mabaki ya retrovirusi vya kale na PCR pana itayaokota.

Kuhusu seli za binadamu, ukichukua chembe nyeupe za damu kutoka kwa wachangiaji, hakikisha wamepimwa VVU na HTLV-1 (retrovirusi kingine cha binadamu). Usidhani laini za zamani zina usafi kwa sababu ya umri. Namalwa, laini iliyotokana na uvimbe wa Burkitt wa mtoto wa Kiafrika, ilitumika kutengeneza intaferoni, na baadaye ikagunduliwa kuwa na retrovirusi cha kima wa Amerika Kusini. Kima huyo hajawahi kukanyaga Afrika Mashariki. Kirusi kiliingilia maabarani.

Ukimaliza kuandika historia, thibitisha utambulisho wa seli kwa kipimo cha STR (vipande vya DNA vinavyojirudia, tofauti kwa kila mtu). Hakuna haja ya kusaka virusi kwenye HeLa (laini ya saratani ya mlango wa kizazi) ukidhani ni seli za ini.

Hatua ya pili: weka sawa chumba na seli

Pima maikoplazma. Bakteria hawa wadogo wana polimerasi zao, hubadilisha tabia ya seli na huua nyingine kimyakimya, na kila seli inayokufa humwaga vimeng'enya vyake kwenye kimiminika. Kipimo cha RT kwenye chupa yenye maikoplazma hakisomeki.

Halafu kuna suala la mwinuko, ambalo vitabu vingi havilitaji kwa sababu viliandikwa karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu, na shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 83, si 101 kama Mombasa. Asilimia 5 ya kaboni dioksidi kwenye inkubeta hapa ina nguvu ndogo kuliko asilimia 5 ya pwani, na kimiminika cha kukuzia huelekea kuwa cha zambarau. Ukiona hivyo, jaribu asilimia 6 na upime pH mwenyewe. Otoklevu nayo isimamiwe kwa joto, digrii 121, na si kwa mshale wa shinikizo pekee. Maji ya kuchemsha kwenye sufuria hufika digrii 94 hivi, basi usitegemee "kuchemsha" pale itifaki inaposema 100.

Usalama hauhitaji maneno mengi. Fanya kazi kwenye kabati la usalama wa kibiolojia la daraja la pili, vaa glavu na koti linalofunga mbele, usitumie sindano wala kioo pale plastiki inapotosha. Retrovirusi vina utando wa mafuta na hufa upesi kwa klorini. Jiki ya dukani huwa na karibu asilimia 3.5 ya klorini. Changanya sehemu moja kwa sita za maji upate asilimia 0.5, kama wanavyofanya hospitalini, na uiache kwenye taka ya maji kwa dakika 30. Ichanganye upya kila asubuhi. Jiki ya wiki iliyopita ni maji yenye harufu.

Kuhusu stima: kama friza ya −80 haiko kwenye jenereta, gawa kila sampuli mara mbili na uweke nusu kwenye tangi la nitrojeni. Virusi vilivyoyeyuka na kuganda mara mbili tatu hupoteza nguvu ya kuambukiza, na utaandika "hasi" kwa kosa la transfoma.

Hatua ya tatu: kusanya sampuli kwa namna ambayo haitakusaliti

Panda seli hadi zifunike chupa kwa asilimia 80 hivi. Badilisha kimiminika, weka kipya, subiri saa 24 hadi 48. Lengo ni chembe zikusanyike kabla seli hazijaanza kufa. Tazama kwa hadubini ya kawaida kabla ya kuvuna: ukiona seli nyingi zinaelea, chupa hiyo si ya kipimo cha RT.

Vuna kimiminika cha juu. Zungusha kwenye sentrifuji kwa g 500, dakika 10, ili seli nzima zishuke. Hamisha, zungusha tena kwa g 10,000, dakika 10, ili makapi yashuke. Pitisha kwenye kichujio cha mikromita 0.45, cha 0.22 kinaweza kubakiza chembe nyingi, kwa kuwa retrovirusi vina upana wa nanomita 80 hadi 120 na hupenda kushikana. Kama taasisi yako ina sentrifuji kubwa, mimina sampuli juu ya tabaka la sukari ya asilimia 20 na uzungushe kwa g 100,000 kwa saa moja na nusu. Chembe hushuka chini ya sukari, vimeng'enya vilivyolegea vya seli hubaki juu. Hatua hii moja huondoa utata zaidi kuliko marudio kumi ya PCR. Ukikosa mashine hiyo, endelea, ila ongeza sampuli linganishi.

Kwenye chupa ileile chukua pia seli zenyewe: milioni tano kwa DNA, milioni tano kwa RNA, na milioni kadhaa hai za kugandisha kwa ajili ya kupanda baadaye.

Sampuli linganishi zianze hapa, siyo siku ya kipimo. Chukua chupa tupu, weka kimiminika kilekile chenye seramu ileile ya ndama, ikae inkubeta muda uleule, ivunwe kwa hatua zilezile. Chukua na chupa ya seli zinazojulikana kuwa safi. Bila hizo mbili, matokeo chanya hayatakuambia kama kirusi ni cha seli zako, cha seramu au cha kichujio.

Hatua ya nne: kipimo cha RT

Hiki ndicho kipimo ninachokipendekeza kianze, kwa sababu hakihitaji ujue kirusi ni kipi. Kila retrovirusi inayotoka kwenye seli imebeba RT ndani yake. Njia ya zamani ilitumia nyukliotidi zenye mionzi na uzi bandia wa RNA. Njia ya sasa, inayoitwa PERT, huipa RT ya sampuli RNA ya kirusi cha bakteria, MS2, yenye herufi 3,569. Kama kuna RT, RNA hiyo hugeuzwa kuwa DNA, na PCR huizidisha DNA hiyo. Inanasa kiasi kidogo mara milioni kuliko njia ya zamani. Ukali huo ni neema, na ndio pia unaowaponza watu.

Kwa maabara yenye mashine moja ya PCR ya kupima kwa wakati halisi, njia ya chupa moja inatosha. Chukua mikrolita 5 za kimiminika kilichosafishwa, ongeza mikrolita 5 za maji ya kupasulia yenye Triton X-100 asilimia 0.25, kloridi ya potasiamu milimola 50, Tris ya pH 7.4, gliseroli asilimia 40, pamoja na kizuizi cha vimeng'enya vinavyokata RNA. Acha dakika 10 kwenye joto la chumba: utando wa kirusi hufunguka na RT hutoka. Ongeza mikrolita 90 za maji ya kupunguzia. Chukua karibu mikrolita 10 za mchanganyiko huo, weka kwenye kisima pamoja na viambato vya PCR, vianzishi vya MS2 na RNA ya MS2. Ratibu mashine: digrii 42 kwa dakika 20, digrii 95 kwa dakika chache, kisha mizunguko 40.

Tumia Taq (kimeng'enya cha PCR) inayoamshwa kwa joto. Taq yenyewe ina uwezo kidogo wa kunakili RNA, na ikianza kazi mapema kila kisima kitakuwa chanya, hata cha maji.

Safu ya kupimia itoke kwenye RT safi ya dukani, ipunguzwe mara kumi kumi kwa hatua sita. Weka pia kisima cha sampuli uliyoiongezea RT kidogo kwa makusudi. Kama RT hiyo haionekani, sampuli yako ina kizuizi, na "hasi" yake haina maana. Seramu nyingi huzuia. Ipunguze sampuli mara kumi ujaribu tena.

Sasa ugomvi wenyewe. Polimerasi za DNA za seli zetu, hasa gama ya kwenye mitokondria, zinaweza kunakili RNA kwa udhaifu. PERT huziona. Ndiyo maana sampuli yenye seli zilizokufa hutoa ishara dhaifu ambayo watu huichukua kuwa kirusi. Kuna njia tatu za kutofautisha. Ongeza DNA ya tezi ya ndama iliyovunjwavunjwa kwenye kisima: polimerasi za seli huivamia hiyo na kuiacha MS2, wakati RT ya kirusi huendelea. Linganisha sampuli iliyopita kwenye sukari na ile isiyopita: RT ya kirusi hushuka na chembe, ya seli hubaki juu. Na kama una muda, tandaza sampuli kwenye ngazi ya sukari uzungushe usiku kucha, kisha pima kila tabaka. Retrovirusi hukaa kwenye uzito wa gramu 1.16 hivi kwa mililita. Ishara ikisimama pale, una chembe. Ikitapakaa kila mahali, una uchafu.

Kuhusu chumvi: virusi vya kundi la lukemia ya panya hupenda manganizi, vya kundi la VVU na vya kima vingi hupenda magnesi. Kwa seli ambazo historia yake hujui, pima kwa zote mbili. Ukipima kwa magnesi pekee unaweza kumkosa panya, na panya ndiye mshukiwa wako wa kwanza.

Hatua ya tano: PCR ya mfuatano

RT ikiwa chanya, PCR hukuambia ni nani. RT ikiwa hasi, PCR bado ina kazi, kwa sababu kirusi kinaweza kuwa kimejipachika na kulala.

Tenganisha vyumba. Mchanganyiko utayarishwe mahali pamoja, DNA iongezwe pengine, na mirija iliyokwisha kuzidishwa isifunguliwe kabisa kwenye vyumba hivyo. Kwa maabara ya chumba kimoja, meza mbili na makoti mawili ni bora kuliko kutofanya lolote.

Weka nanogramu 100 za DNA kwa kila kisima. Kwa binadamu, hizo ni seli 15,000 hivi, na hesabu hii ina faida kubwa. Laini iliyoambukizwa kweli mara nyingi huwa na nakala moja au zaidi kwa kila seli, yaani maelfu ya nakala kisimani, na ishara huja mapema. Ishara inayokuja mzunguko wa 38, mara ipo mara haipo, maana yake ni nakala moja au mbili kwa seli 15,000. Hapo shuku vumbi kabla ya kushuku maambukizi.

Kwa kirusi cha lukemia ya panya, endesha kipimo cha pili sambamba: IAP, kipande cha kurithi kinachojirudia takriban mara elfu moja kwenye jenomu ya panya na hakipo kwa binadamu. Chembe ndogo kabisa ya DNA ya panya itawasha IAP kabla haijawasha kipimo cha kirusi. IAP chanya kwenye seli za binadamu maana yake DNA ya panya imeingia: kutoka kwenye seli za kulishia, kwenye meza, au kwenye viambato vyenyewe. Viambato hasa. Baadhi ya Taq za kuamshwa kwa joto hufungwa kwa kingamwili zilizotengenezwa kwa seli za panya, na imewahi kuthibitishwa kwamba viambato vya kununuliwa vilikuwa na DNA ya panya. Kila kundi jipya la viambato lipimwe kwa visima vya maji kumi na zaidi kabla ya kuligusisha sampuli. Mizigo yetu husafiri na barafu kavu kutoka mbali na hakuna anayefurahi kutumia visima vyake kwa maji. Fanya tu.

Kama swali ni chembe, si mabaki ya jenomu, tibu kimiminika kwa DNase kabla ya kuvunja chembe, kisha toa RNA. DNA iliyoelea itakatwa, RNA iliyo ndani ya chembe italindwa. Endesha kila sampuli mara mbili, yenye hatua ya kunakili na isiyo nayo. Virusi vya povu vina tabia ya peke yake: hunakili RNA kuwa DNA kabla ya kutoka kwenye seli, kwa hiyo chembe zake nyingi hubeba DNA. Kwa seli za tumbili na ng'ombe, usiishie kwenye RNA.

Bidhaa chanya zipelekwe kusomwa mfuatano. Bendi kwenye jeli yenye urefu sahihi si jina la kirusi.

Hatua ya sita: je, inaambukiza?

Hapa haraka haisaidii. Chagua seli pokezi (zitakazopewa kimiminika chako) kulingana na mshukiwa. Kwa virusi vya panya vinavyopenda spishi nyingine, seli za Mus dunni hupokea karibu vyote isipokuwa baadhi kama kirusi cha Moloney. Seli za mapafu ya minki na PG-4 za paka zinafaa pia, hizo za mwisho zikionyesha madoa ya seli zilizobadilika umbo. Mimi naongeza seli za binadamu, HEK293, hata pale itifaki isipozitaka, kwa sababu fundi anayeshika pipeti ni binadamu na ana haki ya kujua.

Panda seli pokezi ziwe nusu ya chupa. Weka kimiminika kilichochujwa pamoja na polibrini (kemikali inayosaidia kirusi kushika seli) mikrogramu 4 hadi 8 kwa mililita, saa chache, kisha badilisha. Pandikiza upya mara tano. Kirusi kilicho kichache huhitaji vizazi hivyo ili kienee. Chupa zisizoambukizwa ziende sambamba, zishughulikiwe kwanza kila siku, zile zenye sampuli mwisho. Ukizigeuza mpangilio, umeharibu wiki tatu. Mwishoni pima RT na PCR ya kirusi kwenye seli pokezi. Kwa virusi vya povu angalia pia seli zilizoungana kuwa jitu moja lenye mapovu.

Laini zinazokusudiwa kutengenezea chanjo huhitaji kazi zaidi: seli huchokozwa kwa kemikali kama azasitidini au iododioksiuridini ili virusi vilivyolala viamke, kisha hupimwa. Kwa laini ya utafiti wa kawaida sioni sababu ya kwenda huko.

Hatua ya saba: hadubini ya elektroni, ukiipata

Si kila taasisi inayo. Ukipata nafasi, peleka seli zilizokatwa vipande vyembamba na uombe zitazamwe angalau 200. Unachotaka kuona ni chembe zikichipuka kwenye utando wa seli. Hasi ya hadubini ni dhaifu, kwani kwenye kimiminika unahitaji karibu chembe milioni moja kwa mililita ndipo macho yazinase. Chanya yake ina nguvu kwa sababu umbo halitokani na vumbi la DNA.

Hatua ya nane: kuamua na kuandika

RT chanya iliyoshuka na sukari, PCR chanya kwa nakala nyingi, IAP hasi, seli pokezi zimeambukizwa: una kirusi hai. RT chanya na PCR chanya, seli pokezi safi baada ya vizazi vitano, na seli zako ni za hamsta au kuku: ni chembe za kurithi, andika hivyo. PCR chanya dhaifu, IAP chanya, RT hasi: safisha maabara, badilisha viambato, rudia kutoka kuvuna. PCR chanya kwenye seli za panya bila kingine: umegundua kwamba panya ni panya.

Laini yenye kirusi hai haitibiki. DNA ya kirusi imekwisha kuwa sehemu ya seli. Tupa chupa zote kwenye otoklevu, rudi kwenye akiba ya zamani, na uipime hiyo akiba kabla ya kuifungua kwa wengine. Kama lazima uendelee kuitumia, iwe na inkubeta yake, kimiminika chake na zamu yake ya mwisho wa siku. Waandikie wote uliowahi kuwapa seli hizo. Ni barua chungu, ila wengine watakuwa wameshaanza kujiuliza kwa nini chupa zao zinawaka.

Kwenye ripoti usiandike "seli hazina retrovirusi". Andika ulichopima na kiwango cha chini unachoweza kuona, kwa mfano: "Hakuna shughuli ya RT iliyozidi ile ya chupa linganishi isiyo na seli, katika kimiminika cha saa 48, pasaji ya 14, PCR ya kirusi cha lukemia ya panya hasi kwa nanogramu 100 za DNA." Ambatanisha namba za makundi ya viambato na ya seramu. Bakiza vichupa viwili vya kila sampuli, kimoja kwenye friza, kimoja kwenye nitrojeni, vikiwa na tarehe na namba ya pasaji kwa kalamu isiyofutika kwa spiriti, kwa sababu atakayepokea ripoti chanya atakuomba urudie.